HiAce ya Buhongwa juu ya meza: mwongozo kamili wa kuunda na kupaka rangi daladala ya skeli ya 1/24

Konda aliniuliza kama mimi ni mtu wa bima au wa mapato. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya HiAce yake, futi mkononi, napima bampa limenyanyuka kiasi gani kutoka chini. Nilipomjibu kwamba nataka kuunda gari kama lile, dogo la kuweka juu ya kabati, akawaita wenzake waje wanione. Lakini alinisubiri nimalize, na mwishowe akanishikia upande wa pili wa futi.

Vipimo vile nilivihitaji kwa sababu seti ya plastiki inayouzwa kwenye boksi inakupa HiAce ya Japani: safi, ya chini, rimu zinang'aa, viti vichache. HiAce ya Mwanza, kama hii ya ruti ya Buhongwa, haimo kwenye boksi. Hiyo unaitoa stendi kwa macho yako, halafu unaijenga juu ya ile ya Japani. Nitakupitisha njia hiyo kuanzia kununua mpaka vumbi la mwisho. Kama moyo wako uko kwenye ndege au meli, hatua za kukata, kuunganisha na kupaka ni hizihizi.

Seti na skeli

Modeli hizi hutengenezwa kwa polistairini, plastiki ngumu ya jamii moja na vijiko vingi vya kutupa. Vipande huja vimeshikamana na fremu, kila kimoja na namba yake, pamoja na karatasi ya maelekezo ya picha. Gari kuja vipandevipande lisikushangaze. MV Victoria yenyewe, meli ya Ziwa Victoria, iliundwa Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa kwa bahari na reli mpaka Kisumu, ikaunganishwa upya huko na kuanza kazi mwaka 1961. Wao waliunganisha chuma, wewe utaunganisha plastiki kwa gundi.

Skeli ya 1/24 maana yake sentimita 24 za gari la kweli ni sentimita 1 ya modeli. HiAce ya kizazi kilichoanza 2004, yenye bodi ya kawaida, ina urefu wa takriban mita 4.7 na upana wa mita 1.7. Gawa kwa 24 unapata karibu sentimita 20 kwa 7. Inakaa kwenye rafu bila kubanana, na vidole vinaingia ndani kufanya kazi. Ndege za wanaoanza nyingi ni 1/72, magari ya kijeshi 1/35, meli 1/350 au 1/700. Anayetamani meli apige hesabu kwanza: MV Mwanza, yenye mita 92.6, ingekuwa sentimita 26 na nusu kwa 1/350, na hilo linawezekana. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3, kwa skeli hiyohiyo lingekula zaidi ya mita 8 za sebule yako.

Aoshima na Fujimi, kampuni mbili za Shizuoka, zimetoa HiAce ya 1/24. Usukani uko kulia kama kwetu, kwa hiyo umeokoka kazi moja. Seti ikikosa injini usisikitike. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, na hata kwenye gari lenyewe huioni mpaka fundi afunue.

Mimi sijawahi kuzikuta seti hizi kwenye maduka ya hapa mjini, naagiza mtandaoni. Uliza gharama ya usafirishaji kabla hujashangilia bei, maana nauli inaweza kuizidi seti. Usiagize makopo ya rangi ya kupulizia: yana gesi yenye mgandamizo, na mizigo ya ndege haiyataki. Agiza seti, gundi na chupa chache za rangi ya maji. Mengine yapo hapahapa.

Vya kuwa navyo mezani

Kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha. Koleo ndogo ya kukatia, ile ya mafundi simu inatosha. Kibano. Msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, unaouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Brashi tatu nzuri, na hapa usibane pesa, kwa sababu brashi ya bei ya chini inaacha nywele kwenye rangi na utazing'oa kwa kibano huku ukilaani. Tepu ya karatasi ya kuzibia. Vijiti vya mishikaki na vibanio vya nguo kwa kushikia vipande wakati wa kupaka.

Gundi ziwe tatu, na kila moja na kazi yake. Ya kwanza ni gundi ya polistairini iliyo nyepesi kama maji, mfano Tamiya Extra Thin. Haigandishi tu, inayeyusha nyuso mbili za plastiki zikawa kitu kimoja. Ya pili ni supagluu, kwa ajili ya chuma na plastiki za aina nyingine. Ya tatu ni gundi nyeupe ya mbao, kwa vioo. Supagluu usiisogeze karibu na vioo hata kidogo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe ambao haufutiki kwa kitambaa. Kuna mtu atakwambia dawa ya kufutia rangi ya kucha inafanya kazi ya gundi ya kwanza. Inayeyusha plastiki kweli, lakini inaiyeyusha vibaya.

Fanyia kazi karibu na dirisha lililo wazi. Ukipuliza rangi ya thina, vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kitambaa inazuia vumbi, mvuke unapita.

Kuosha, kukata, kusugua

Anza kwa kuosha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kiwandani kunabaki mafuta ya kutolea plastiki kwenye kalibu, na rangi haishiki juu yake. Anika kivulini.

Usikwanyue kipande kwa mkono. Kata mara mbili: mara ya kwanza mbali kidogo na kipande, ukiacha kishina, mara ya pili karibu, kisha malizia kwa wembe na msasa wa 400 ukipanda mpaka 1000. Ukikata mara moja kwa kubana, plastiki inararuka na kuacha doa jeupe au shimo. Toa tu vipande vya hatua unayoifanya. Vikilala mezani bila namba zao, utakuja kukaa na kipande kimoja mkononi ukijiuliza ni mkono wa mlango au ni kitu cha chini ya gari.

Kabla ya gundi, panga vipande vikavu. Vikikataa kukutana, kuna kishina hujakisugua. Vikikubali, vishike pamoja na uguse mwanya kwa brashi ya gundi ya maji. Inakimbia yenyewe ndani ya mwanya, huna haja ya kuipaka kama siagi. Kidole chako kisikae juu ya mwanya huo, la sivyo alama za kidole zitabaki kwenye mlango. Acha usiku kucha kabla ya kusugua maungio. Yakibaki na ufa, jaza pati kidogo, ngoja ikauke kabisa, sugua.

Kuigeuza daladala

Hapa ndipo penye raha, na ndipo maelekezo ya kwenye boksi yanapokuacha.

Nenda stendi saa tulivu, omba ruhusa, pima. Mimi nilipima urefu na kina cha kila benchi, nafasi kati ya benchi na benchi, kimo cha bampa na upana wa mstari wa ubavuni. Kila kipimo gawa kwa 24 hapohapo na uandike majibu mawili. Benchi la sentimita 120 linakuwa sentimita 5. Mto wa sentimita 12 unakuwa milimita 5. Piga picha nyingi za ndani, za miguu ya viti hasa, kwa sababu picha za mtandaoni zinaonyesha gari likiwa jipya, nawe unaunda lililokwishafanya kazi.

Viti vya ziada jenga kwa karatasi ya plastiki. Huna? Tafuta vikombe vya mtindi au vifuniko vyenye alama ya pembetatu na namba 6. Hiyo ni polistairini na inakubali gundi ileile. Kadi za benki zilizokwisha muda ni plastiki nyingine, zinataka supagluu. Kata mto na mgongo, viringisha kingo kwa msasa ili kiti kionekane kimekaliwa, kisha chora mishono kwa ncha ya wembe uliopoteza makali. Miguu ya viti tengeneza kwa kuvuta fremu: shika kipande cha fremu juu ya mshumaa bila kukigusisha moto, kikilegea kivute taratibu, unapata fimbo nyembamba kama uzi. Mara mbili za kwanza zitakatika. Kwa njia hiyohiyo tengeneza bomba la kushikia la darini.

Paka ndani kabla ya kufunga bodi. Sakafu kijivu iliyokoza, viti rangi ya ngozi bandia, isiyong'aa sana. Changanya tone la nyeupe katika kila rangi ya ndani: kitu kidogo chenye rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi kuliko kilivyo. Paka sakafu tabaka la pili lenye kahawia njiani, pale abiria wanapopita, na uache chini ya mabenchi palivyo.

Rimu zenye kromu hazitufai. Zitumbukize kwenye maji ya kufulia yenye klorini, kromu inaondoka ndani ya saa kadhaa. Suuza, kausha, paka rangi ya fedha iliyopooza. Vaa glavu, na usichanganye maji hayo na dawa nyingine yoyote ya usafi.

Rangi ya nje

Nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote, na HiAce nyingi ni nyeupe. Haifuniki, inaonyesha kila unywele, na ukiiharakisha inateremka kwenye kona kama uji. Dawa yake ni tabaka nyembamba nyingi.

Kwanza praima (rangi ya msingi) ya kijivu isiyokoza. Itakuonyesha mikwaruzo ambayo plastiki nyeupe iliificha. Sugua kwa msasa wa 1000 uliolowa maji, praima tena. Praima ya magari ya kopo inafaa, lakini thina yake ni kali na inaweza kuila plastiki tupu. Jaribu kwanza kwenye kijiko cha kutupa cha polistairini, na kwenye bodi anza kwa vumbivumbi la mbali, tabaka ambalo halifuniki hata nusu. Likikauka linakuwa ngao kwa tabaka linalofuata.

Kopo liweke dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, kisha litikise mpaka mkono uchoke. Pulizia kutoka sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye bodi na acha baada ya kuipita, mkono ukitembea muda wote. Subiri dakika 15 kati ya tabaka na tabaka. Nne au tano zinatosha. Ukiwa na eabrashi, bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa, punguza rangi mpaka iwe nyepesi kama maziwa, na anzia mgandamizo wa psi 15 hadi 20. Kompresa ya gereji inafanya kazi pia, ila lazima iwe na kirekebisha mgandamizo na chujio la maji.

Kwa sisi wa pwani ya ziwa, saa ya kupuliza ni sehemu ya ufundi. Asubuhi, umande ukishakauka na upepo wa ziwani haujaanza kusukuma vumbi, ndiyo saa yangu. Siku za mvua hewa ikijaa unyevu, rangi za thina hukauka na ukungu mweupe juu yake. Ukiuona, acha, usiongeze rangi. Subiri siku kavu upulizie tabaka jembamba, mara nyingi ukungu unaondoka.

Usiku usithubutu. Nilifanya hivyo mara moja, taa imewaka, dirisha wazi, najiona mjanja kwa sababu hakukuwa na upepo. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi walikuja kwenye taa, na kwenye paa bichi la HiAce yangu wakatua kwa mamia. Mke wangu alitazama, akasema, "Baba Neema, hiyo sasa imebeba kuliko ya kweli." Usiwatoe wadudu rangi ikiwa mbichi. Iache ikauke siku mbili, sugua kwa msasa wa 2000 wenye maji, rudia tabaka la mwisho. Ikiwa imeharibika kabisa, mafuta ya breki yanavua rangi nyingi bila kuila polistairini. Loweka, sugua kwa mswaki wa zamani, osha kwa sabuni, na mikono iwe kwenye glavu.

Mstari wa ubavuni

Nyeupe ikikaa siku mbili au tatu, bandika tepu. Tepu ya dukani ina kingo zenye manyoya. Ilaze juu ya kioo safi, ikate ukingo mpya kwa wembe na rula, ndipo uibandike. Bonyeza ukingo kwa ukucha, hasa kwenye mifereji ya milango.

Kisha puliza nyeupe tena juu ya ukingo wa tepu. Ndiyo, nyeupe ileile. Itaingia kwenye nyufa zozote na kuziziba, kwa hiyo rangi ya mstari haitapata pa kuvujia. Baada ya hapo puliza rangi ya ruti yako, tabaka mbili nyembamba, na ng'oa tepu rangi ikiwa bado laini kidogo, ukiikunja nyuma juu yake yenyewe. Rangi ikikauka kabisa kabla ya kung'oa, ukingo unameguka.

Maandishi na namba

Karatasi ya stika za maji, zile unazochovya majini ndipo ziteleze kutoka kwenye karatasi, inaagizwa mtandaoni. Hakikisha inalingana na printa: ya wino ina karatasi yake, ya leza ina yake. Printa za kawaida hazina nyeupe, kwa hiyo chagua karatasi angavu (isiyo na rangi) na maandishi meusi au ya rangi iliyokoza. Printa ikiwa ya wino, pulizia vanishi juu ya maandishi na uache ikauke, la sivyo yataogelea mara tu ukiyaweka majini.

Bodi iwe imepata vanishi ya kung'aa kabla ya stika. Juu ya uso uliopooza hewa inabaki chini ya stika na kuonekana kama magamba. Chovya sekunde 15, weka pembeni dakika moja, telezesha kwa brashi yenye maji, kamua kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje.

Kibao cha namba cha gari la biashara ni cheupe chenye maandishi meusi, si cha njano kama cha gari binafsi. Buni namba. Usibandike ya gari la mtu kisha ukatembeza picha mitandaoni. Kioo cha nyuma kinataka maneno makubwa, na hapo sikushauri. Mwenye gari ndiye anayejua anataka kuwaambia nini walio nyuma yake.

Vioo vibandike kwa gundi nyeupe baada ya vanishi ya mwisho. Mpira mweusi unaovizunguka upake kwa brashi nyembamba na rangi iliyopunguzwa, mkono umeegemea meza. Vioo vya pembeni viwe vya mwisho kabisa, maana kila ukishika gari lazima ung'oe kimoja.

Vumbi

Usichukue udongo wa barabarani. Punje ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa skeli hii ni kokoto ya milimita 2.4, na gari litaonekana limemwagiwa changarawe. Saga chaki kwa wembe: nyeupe, ya njano na nyekundu kidogo mpaka ifanane na vumbi la pembeni mwa lami. Pakaza kwa brashi kavu kwenye matao ya magurudumu, chini ya milango na nyuma ya bampa. Kwenye mifereji ya milango pitisha rangi ya mafuta ya kahawia iliyoyeyushwa sana, kisha futa ziada kwa kijiti cha pamba kilicholowa thina kidogo, ukishuka kutoka juu kwenda chini kama mvua inavyoshuka. Bodi yako iwe na rangi ya maji au vanishi ya maji juu yake, vinginevyo thina itafuta na kazi ya wiki nzima.

Kisha jizuie. Daladala huoshwa. Paa na ubavu hubaki safi kiasi, uchafu unakaa pale kitambaa kisipofika: nyuma ya mkono wa mlango, pembe za vioo, kuzunguka kifuniko cha mafuta. Mlango wa abiria ndio unaochoka mapema kuliko sehemu nyingine. Gusa kingo zake kwa kipande cha sifongo chenye kijivu kidogo, karibu kikavu, uonekane umeshikwa na mikono elfu.

Nilipomaliza niliifunga kwenye boksi la viatu nikaipeleka stendi. Yule konda aliizungusha mkononi kimya. Akachungulia mabenchi, akahesabu, akaridhika. Akaangalia mlango, akacheka. Halafu akaigeuza juu chini.

"Mzee, matairi yote manne mapya? Hii daladala ya wapi?"

Jioni ile niliyavua magurudumu, nikayapitisha moja moja kwenye msasa wa 400, yakizunguka, mpaka meno ya katikati yakafutika. La nyuma kushoto nililisugua zaidi upande wa ndani.